Kocha wa Viungo Katika Vyuo vya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kanuni za Idadi ya Makocha

Maswali haya yametoka kwa vijana wanaoniandikia. Wengi ni wakimbiaji na wacheza kikapu waliopata nafasi ya kusoma Marekani, na wachache ni makocha wa viungo wa klabu za huku nyumbani wanaotaka kuvuka bahari. Karibu wote huanza na mshahara. Mimi huwarudishia swali: umeshasoma kanuni ya idadi ya makocha? Miaka niliyofanya kazi kule ilinionyesha kwamba mshahara, cheo, saa za kulala, hata mchezaji gani unaruhusiwa kumshikia chuma, vyote hutoka kwenye namba chache zilizoandikwa ndani ya kitabu kimoja kinene.

Kwanza kabisa, kocha wa viungo wa chuoni anafanya nini?

Anaujenga mwili wa mchezaji: nguvu, kasi, pumzi, na kumrudisha uwanjani baada ya kuumia. Siku yangu ilianza saa 10 na nusu alfajiri. Unafungua jimu, unawasha taa, unaandika ubaoni uzito wa kundi la kwanza, unapita raki moja moja kwa mkono kuhakikisha pini zimeingia sawasawa. Saa 12 waogeleaji wanaingia, nywele bado mbichi. Mchana ni wavu, jioni riadha. Chakula unakula umesimama, bakuli liko juu ya kabati la mikanda.

Huku kwetu klabu ya ligi kuu ikiwa na kocha mmoja wa viungo inajiona imekamilika. Chuo kikubwa cha Marekani kina idara nzima: mkurugenzi, wasaidizi, wasaidizi wa wasaidizi, na wanagenzi wanaofuta jasho kwenye mabenchi.

Kazi hii ilianza lini?

Kama ajira ya chuo, wengi huihesabu tangu 1969, Chuo Kikuu cha Nebraska kilipomwajiri Boyd Epley. Alikuwa mrukaji wa upondo aliyeumia mgongo na kuhamia kwenye vyuma ili apone. Wachezaji majeruhi wa futiboli (nasema ile ya Kimarekani, ya helmeti, soka ni soka) wakaanza kumwiga, wakarudi uwanjani wana nguvu kuliko walivyoondoka. Tom Osborne, wakati huo kocha msaidizi, akaliona hilo na kumpeleka kwa kocha mkuu Bob Devaney. Devaney alikubali kwa sharti: mchezaji wa kwanza kupungua kasi kwa sababu ya vyuma, kijana unaondoka. Malipo yalikuwa dola 2 kwa saa. Mwaka 1978 Epley huyohuyo akaanzisha chama cha makocha wa viungo, NSCA, ambacho leo kinatoa cheti kinachotajwa kwenye matangazo mengi ya kazi hizi.

Habari hii naipenda kwa jambo moja. Kazi ilizaliwa pembeni ya benchi la ufundi. Mpaka leo kanuni zimeiacha hapohapo pembeni.

Nani anaweka kanuni za idadi ya wafanyakazi?

Kwa vyuo vingi ni NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, chenye madaraja matatu. Daraja la Kwanza ndilo lenye pesa na kanuni nyingi, na ndani yake futiboli imegawanyika tena, kundi la juu likiitwa FBS. Ligi nayo inaweza kuongeza masharti yake, na chuo cha umma kinabanwa pia na sheria za ajira za jimbo. Kila chuo kina afisa wa uzingatiaji wa kanuni. Mzoee mapema. Ofisi yake ndiyo utakayoipigia simu kuuliza mambo ambayo kwetu mtu angeyamaliza kwa busara tu.

Je, kocha wa viungo anahesabiwa kama kocha?

Hapa ndipo penye mzizi wa mambo yote, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Kwa muda mrefu NCAA imekuwa ikiweka kikomo cha makocha wanaohesabika kwa kila mchezo. Kocha anayehesabika ndiye anayefundisha ufundi na mbinu, na ndiye anayetoka nje ya chuo kusaka wachezaji. Kocha wa viungo hayumo kwenye hesabu hiyo, ilimradi abaki kwenye viungo. Akianza kufundisha mchezo wenyewe, amegeuka kocha anayehesabika, na kama nafasi zimejaa chuo kimevunja kanuni (futiboli ya FBS ilibadilika 2024, nitaieleza mbele).

Ukiisoma kwenye karatasi ni sentensi moja tu. Kwenye sakafu ya jimu ni kitu kingine. Nilikuwa na binti wa timu ya wavu aliyekuwa akiruka vizuri mno kwenye mazoezi yangu, lakini kwenye mechi hatua yake ya mwisho ilikuwa fupi, na nguvu yote niliyomjengea ikawa inamwagika chini. Siku moja akiwa anafungua mkanda akaniuliza, "Kocha, kwa nini sifiki juu ya wavu?" Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwambia, "Muulize kocha wako." Akanitazama kama mtu aliyeomba maji akaambiwa aende kisimani. Kumfundisha kutua na kusukuma sakafu niliruhusiwa. Kumrekebishia hatua za kupiga mpira juu ya wavu, hapana.

Sasa zidisha tukio hilo kwa miaka 10 ya kazi. Unamjua mchezaji kuliko mtu yeyote, lakini kumbukumbu zako za kazi hazionyeshi hata mara moja kwamba uliwahi kufundisha mchezo. Nafasi ya kocha msaidizi ikitokea, wanaitwa wengine. Ngazi yako ina vipandio vyake: mwanagenzi, msaidizi, msaidizi mwandamizi, mkurugenzi wa viungo. Ukifika juu umegota kwenye dari.

Kuna aliyewahi kuvuka kutoka jimu kwenda benchi la ufundi?

Wapo wachache. Scott Cochran ndiye anayetajwa zaidi. Alikuwa kocha wa viungo wa Alabama chini ya kocha mkuu Nick Saban tangu 2007, sauti yake ya kukwaruza ikijulikana Marekani nzima. Mwaka 2020 alihamia Georgia kuwa kocha wa vikosi maalumu, yaani wale wanaoingia kwa mipira ya kuanzisha na kupiga mbali. Angalia alichohitaji: kocha mkuu akubali kumpa moja ya nafasi 10 za wasaidizi wanaohesabika, nafasi ambayo angeweza kumpa mtu aliyefundisha mbinu maisha yake yote. Bahati ya namna hiyo hailetwi na cheti.

Kama si kocha anayehesabika, mbona wanasema ana madaraka makubwa?

Kwa sababu kanuni ya saa inampa kile ambacho kanuni ya idadi imemnyima. Wakati wa msimu mchezaji haruhusiwi kuzidi saa 20 kwa juma za shughuli za lazima, wala saa 4 kwa siku, na lazima apate siku moja ya kupumzika. Nje ya msimu zinashuka hadi 8 kwa juma, na ni sehemu tu ya saa hizo inayoweza kutumika kufundishia mchezo. Zilizobaki ni za nani? Ni za jimu. Futiboli ina pia majuma 8 ya kiangazi, yasiyozidi saa 8 kila juma, na hapo tena mwenyeji ni kocha wa viungo.

Juu ya hayo kuna mazoezi ya hiari. Kisheria lazima mchezaji mwenyewe ndiye aombe, asiandikwe mahudhurio, asiadhibiwe akikosa, na taarifa zisipelekwe kwa kocha wake. Makocha wa mchezo hawaruhusiwi hata kusimama mlangoni kutazama. Kocha wa viungo anaruhusiwa kuwepo kwa ajili ya usalama. Kwa hiyo kuna miezi ambayo ndiye mtu mzima pekee wa timu anayewaona vijana karibu kila siku. Kocha mkuu anayejua kazi yake humchagua mtu huyo kwa uangalifu, maana ndiye atakayeibeba sauti yake pale yeye asipoweza kuongea.

Hapo ndipo mtego ulipo pia. "Hiari" ya chuoni mara nyingi ni kama mwaliko wa harusi ya bosi. Kocha mkuu atakukuta koridoni na kukuuliza kwa upole, "Vijana wanaendeleaje?" Ukimtajia majina ya waliokosa, umevunja kanuni. Ukinyamaza, umemuudhi aliyekuajiri. Mimi nilijifunza kujibu, "Wanaendelea vizuri, bosi," na kutembea haraka.

Chuo kikivunja kanuni hizi, nini hutokea?

Mfano unaosomeka vizuri ni Michigan. Gazeti la Detroit Free Press liliandika mwaka 2009 kwamba wachezaji wa futiboli walikuwa wakifanyishwa kazi kupita saa zilizowekwa. Novemba 2010 NCAA ilitoa uamuzi: miaka 3 ya kuwa chini ya uangalizi, juu ya saa za mazoezi ambazo chuo kilikuwa kimejikata chenyewe. Sehemu kubwa ya kosa ilikuwa ya idadi. Wafanyakazi wa ofisini, wenye cheo cha kusimamia ubora, walikutwa wakifanya kazi ya ukocha, hivyo timu ikawa na makocha zaidi ya wanaoruhusiwa.

Kesi ya namna hiyo huandikwa kwenye wasifu wako bila wewe kushika kalamu. Kwenye usaili unaofuata utaulizwa ulikuwa wapi mwaka ule.

Kikomo cha makocha watano wa viungo kwenye futiboli kiliathiri vipi ajira?

Kwa miaka mingi, timu ya FBS iliruhusiwa makocha 5 tu wa viungo wa kufanya kazi na kikosi cha futiboli kwa namna yoyote: mazoezi ya lazima, ya hiari na siku ya mechi. Vyuo tajiri vilikuwa vimeanza kurundika watu, vyuo vidogo vikalalamika, ndipo likaja fungu hilo.

Mimi niliwahi kuwa mtu wa sita. Mkataba wangu ulisema "michezo mingine", jimu ilikuwa ileile, milango ileile. Jioni moja mlinzi wa futiboli, kijana wa kilo zaidi ya 120, alikuwa amelala kwenye benchi, chuma kikiwa mikononi, mwenzake ametoka kuchukua maji. Akaniita nimsimamie. Kumsimamia mtu kwenye benchi ni utu wa kawaida. Hata jimu ya mtaani Temeke mtu usiyemjua atakushikia. Nikaikamata ile fimbo, nikairudisha kwenye raki, kisha nikaenda kumtafuta mmoja wa wale watano aje aendelee naye. Usiku nilimwandikia afisa wa kanuni kueleza kilichotokea. Alinijibu kwa heshima kwamba nimefanya vizuri, na nisirudie.

Kuhusu ajira, namba 5 ilifanya mambo mawili yanayovutana. Nafasi hizo zikawa dhahabu, na mshahara wa anayeongoza watano ukapaa. Chris Doyle wa Iowa alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka kabla ya kuondoka 2020. Lakini mlango wa kuingilia ukabanwa. Kijana mpya hakuweza kuongezwa kama mkono wa ziada ili ajifunze pembeni ya wakubwa. Ilibidi asubiri mmoja wa watano aondoke, au aende michezo mingine akae akitazama kwa mbali.

Kitabu cha kanuni hutolewa upya kila mwaka, na vikomo vya futiboli ndivyo vinavyoguswa mara kwa mara. Usiingie kwenye usaili na namba ya mwaka juzi.

Na michezo mingine je?

Michezo karibu yote isiyo futiboli wala kikapu wanaiita "ya Olimpiki", hata ile isiyokwenda Olimpiki. Huko hakuna wanaobanana kwenye kikomo. Pesa inaisha kabla ya kikomo kufikiwa. NCAA haikiambii chuo kiwe na kocha mmoja kwa wachezaji wangapi. NSCA imependekeza mmoja kwa 20 ndani ya jimu kwa umri wa chuoni, lakini hayo ni mapendekezo. Nimekuwa na timu tano kwa mkono mmoja, zaidi ya vijana 100, na makundi mawili yakipishana mlangoni.

Ukinisikiliza mimi, anza huko. Utashika mkimbiaji wa mita 800, mpiga mbizi na mrusha tufe ndani ya siku moja, na utafanya programu zako mwenyewe badala ya kubandika za mkubwa wako. Wa futiboli humaliza miaka mitatu akihesabu marudio tu.

Kikapu kikoje?

Kikapu ni kisiwa chake. Vyuo vingi vikubwa huweka kocha mmoja wa viungo kwa timu moja ya watu 15 hivi, anasafiri nao, anakula nao. Andrea Hudy, aliyecheza wavu Maryland, aliwashika wanaume wa Kansas tangu 2004, wakiwemo mabingwa wa 2008. Dada zetu wanaoniuliza kama jimu za wanaume zina nafasi kwao, mtafuteni huyo msome safari yake.

Mabadiliko ya 2023 na 2024 yamebadilisha nini?

Julai 2023 cheo cha "kocha wa kujitolea" kilifutwa Daraja la Kwanza na nafasi zile zikaingizwa kwenye hesabu ya makocha wanaoweza kulipwa. Kiangazi cha 2024 futiboli ya FBS iliruhusu wafanyakazi wote wa timu kufundisha ufundi na mbinu. Kilichobaki na kikomo ni wanaotoka kusaka wachezaji, yaani kocha mkuu na wasaidizi 10.

Kwa kocha wa viungo wa futiboli ukuta ule wa "muulize kocha wako" umepata mlango. Anaweza kumwambia mlinzi aweke mguu wapi. Wasiwasi wangu ni mwingine: timu sasa zinaajiri wachambuzi na wafundishaji wa nafasi kwa wingi, na fungu la mishahara ni lilelile. Mtu aliyekuwa na thamani kwa sababu tu aliruhusiwa kuwa chumbani wakati wengine wamezuiwa, itabidi atafute thamani nyingine.

Vyeti gani vinatakiwa?

Daraja la Kwanza linataka kocha wa viungo awe na cheti hai kutoka programu ya utahini iliyopewa ithibati ya kitaifa. Viwili ndivyo vinavyotawala. CSCS ya NSCA unaipata kwa shahada na mtihani. SCCC ya chama cha CSCCa inadai pia mafunzo ya vitendo ya saa 640 chini ya mlezi aliyeidhinishwa. NSCA imeshatangaza kwamba kuanzia 2030 mtahiniwa wa CSCS atatakiwa awe amehitimu kwenye programu ya chuo iliyoidhinishwa kwa fani hii mahususi. Kama sasa unachagua chuo, kagua hilo kabla ya kukagua rangi za jezi. Weka na huduma ya kwanza pamoja na kuhuisha moyo na pumzi. Kanuni inavitaka kwa anayesimamia mazoezi ya hiari.

Ni kweli mtu anaanza kazi hii bure?

Ni kweli, na linaniudhi. Hesabu saa 640: ni majuma 16 ya saa 40. Nani analipa kodi ya chumba majuma hayo yote? Wengi hufanya mara mbili, vyuo viwili tofauti, kisha wanaingia kuwa wasaidizi wanaosoma uzamili: ada imelipwa, posho ya kununulia mchele na mayai. Kijana asiye na mzazi wa kumtumia pesa huchujwa hapa, wala si kwenye mtihani.

Historia inaonyesha kwamba kubana malipo kuna mpaka wake. Mwaka 1991 NCAA ilipitisha cheo cha kocha mwenye "kipato cha kikomo": dola 12,000 kwa mwaka wa masomo na 4,000 kiangazi, basi. Walisema ni kupunguza gharama na kuwapa chipukizi nafasi. Makocha wakaenda mahakamani, kesi ya Law dhidi ya NCAA, na mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikasema vyuo kukubaliana kubana mishahara namna hiyo ni kinyume cha sheria ya ushindani. Mwaka uliofuata NCAA ikakubali kulipa dola milioni 54.5. Tangu hapo wanaweza kuhesabu vichwa, lakini si kukaa meza moja na kupanga bei ya kichwa. Ndiyo sababu wa juu analipwa laki kadhaa na wa chini halipwi kitu, na hakuna kanuni hata moja iliyovunjwa.

Saa za ziada zinalipwa?

Mara nyingi hapana. Sheria ya kazi ya shirikisho inamtoa kwenye malipo ya saa za ziada mtu mwenye kazi ya kitaalamu anayelipwa angalau dola 684 kwa juma, yaani 35,568 kwa mwaka. Mwaka 2024 serikali iliipandisha, Novemba mahakama ya Texas ikairudisha ilipokuwa. Na kocha ambaye kazi yake kuu ni kufundisha anaweza kuwekwa kundi la walimu, ambalo halina hata kima hicho. Gawanya mshahara wako kwa saa 65 za juma kabla hujasaini.

Kocha mkuu akifukuzwa, mimi nabaki?

Futiboli: funga mizigo. Kocha mpya huja na mtu wake wa viungo, mara nyingi huyo ndiye wa kwanza kuajiriwa, kwa sababu ya zile saa 8 za nje ya msimu nilizozieleza. Michezo mingine: huenda ukabaki, kwa kuwa bosi wako ni mkurugenzi wa viungo. Soma mkataba uone unaripoti kwa nani.

Mchezaji akiumia au kufa mazoezini, nani anabebeshwa?

Mara nyingi ni kocha wa viungo kwanza.

Januari 2011 wachezaji 13 wa futiboli wa Iowa walilazwa hospitali, misuli ikivunjika na kumwaga sumu kwenye figo, baada ya zoezi zito lenye kuchuchumaa na chuma mara 100. Walikuwa wametoka likizo. Mei 29, 2018, Jordan McNair wa Maryland, mwenye miaka 19, alizidiwa na joto katika mbio za yadi 110 zilizorudiwa mara 10. Hakuwekwa kwenye maji ya barafu, na alifariki Juni 13. Mkuu wa makocha wa viungo aliondoka Agosti mwaka huo, kocha mkuu akafukuzwa mwisho wa Oktoba.

Hili ni suala la utumishi pia. Kocha wa viungo anayeajiriwa na kufukuzwa na kocha mkuu atapata wapi ubavu wa kusema "leo inatosha"? Mapendekezo ya usalama ambayo NCAA ilitoa 2019 yanataka awe na mstari wa kuripoti kwenye tiba ya michezo au upande wa taaluma, mpango wa zoezi uandikwe kabla, na mazoezi yasitumiwe kama adhabu. Kanuni inampa pia mtabibu wa michezo aliyepo mamlaka ya kusimamisha zoezi bila kupingwa. Na mwaka huohuo vyama viwili vya makocha wa viungo vilikubaliana juu ya wanaorudi kutoka likizo: mbio za juma la kwanza zipunguzwe kwa asilimia 50, la pili 30, la tatu 20, la nne 10. Nilikuwa nimezibandika namba hizo nne juu ya kioo cha jimu, ili kocha yeyote akija kunisukuma nimwonyeshe kidole tu.

Malipo mapya kwa wachezaji yatagusa nafasi zetu?

Yameshagusa. Suluhu ya kesi ya House, ya wachezaji dhidi ya NCAA, iliyoidhinishwa Juni 2025, iliruhusu chuo kugawa kwa wachezaji hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na ikaweka kikosi cha futiboli kwenye watu 105. Pesa hizo zinatoka kwenye bajeti ileile inayotulipa sisi. Ofisi ndogo zenye watu wanne zinabaki na watatu, kimyakimya: mmoja anaondoka, tangazo halitoki.

Natoka Afrika Mashariki, nina visa ya mwanafunzi. Nina nafasi?

Watu wetu kwenye michezo ya vyuo si wageni. Suleiman Nyambui alitamba UTEP (Chuo Kikuu cha Texas, El Paso), Henry Rono akavunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa Washington State. Lakini walikuwa wakikimbia. Kuajiriwa ni mlango mwingine. Ukiwa na visa ya F-1 unaweza kufanya kazi ndani ya chuo saa 20 kwa juma masomo yakiendelea, na baada ya kuhitimu una miezi 12 ya kazi ya vitendo kwenye fani yako. Baadaye chuo kinaweza kukuombea visa ya kazi ya H-1B bila kuingia bahati nasibu, kwa kuwa vyuo vimesamehewa kile kikomo cha mwaka. Tangu Septemba 2025 kuna ada ya dola 100,000 kwa baadhi ya maombi mapya, na sijui mkurugenzi gani wa michezo ya Olimpiki atatoa pesa hiyo kwa msaidizi wa tatu. Uliza mwanasheria wa uhamiaji, usiulize WhatsApp.

Kwenye usaili niulize nini?

Timu ngapi, wachezaji wangapi, na nani alikuwa kwenye kiti hiki kabla yangu na ameenda wapi. Kisha uliza ikiwa zoezi likisimamishwa na mtabibu saa 12 asubuhi, simu ya saa 12 na dakika tano inapigwa kwa nani. Mimi niliwahi kuuliza hilo mbele ya watu sita mezani. Watano wakamgeukia kocha mkuu. Nikaomba nauli yangu ya kurudi.